Somo: Kuchagua silaha ya kulinda nyumba kwa sisi tunaoishi Marekani

Wakuu, salaam. Kila anapohamia mtu mpya Texas, Ohio au Arizona, haupiti muda swali linafika: ninunue silaha gani ya kulinda familia? Wengi huja tayari na jina la bunduki waliyoiona kwenye sinema. Mimi nitaanza na karatasi zako, halafu kuta za nyumba yako, halafu watoto wako. Bunduki itafuata, kama bado utaihitaji. Ninazungumzia Marekani tu, na sheria za majimbo zinapishana sana, kwa hiyo soma za jimbo lako kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Je, sheria inakuruhusu?

Hapa mgeni anaweza kuharibu maisha yake kwa saini moja, ndiyo maana nitakaa kidogo.

Raia na mwenye grinikadi wanaruhusiwa kununua, maadamu hawana kizuizi kingine kama hukumu ya kosa kubwa au ya ugomvi wa nyumbani. Aliyepokelewa kama mkimbizi hahesabiwi kuwa na viza ya muda, kwa hiyo naye hakatazwi kwa sababu hiyo. Lakini mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au hata mfanyakazi wa H-1B, sheria ya taifa inamkataza kununua na kuwa na silaha, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi hana mlango kabisa. Katazo hilo linahusu hata kuishika: kama uko kwenye viza ya masomo, usiikamate ya rafiki yako ili upige picha, wala usikodi bastola kwenye uwanja wa shabaha.

Dukani utajaza Fomu 4473 ya ATF, idara ya taifa inayosimamia silaha, kisha muuzaji atauliza NICS, mfumo wa FBI unaokagua kama mnunuzi anaruhusiwa. Kwa sheria ya taifa duka linauza bunduki ndefu (shotigani au raifo) kwa mwenye miaka 18 na bastola kwa mwenye miaka 21. Jaza ukweli mtupu. Fomu inauliza uraia wako. Kujiandika raia wa Marekani wakati wewe si raia kunaweza kukufukuzisha nchini. Inauliza kuhusu bangi, na inakumbusha kwamba ruhusa ya jimbo lako haikusaidii kitu. Inauliza pia kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Binamu akikwambia "ninunulie kwa jina lako, nitakurudishia hela", mkatalie hata kama mmelala kitanda kimoja utotoni. Ni jinai, na tangu sheria ya 2022 kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Zawadi ya kweli, uliyoinunua kwa hela yako na kumpa mtu anayeruhusiwa kuwa nayo, ni jambo jingine.

Ukiambiwa usubiri, hujakataliwa. Hutokea jina likifanana na la mtu mwingine kwenye mfumo, na sisi wenye akina Mohamed na Juma wengi tunalijua hilo.

Baada ya hapo kuna jimbo. Illinois wanataka kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mwenye silaha. New Jersey na Massachusetts wanataka kibali kabla ya kununua. California utasubiri siku 10. Texas hakuna kibali cha kununua.

Hatua ya 2: Itembee nyumba yako

Kuta za ndani za nyumba nyingi hapa ni jipsamu iliyogongewa kwenye mbao, si tofali za kuchoma kama kwetu. Risasi yoyote yenye nguvu ya kumsimamisha mtu itapita ukuta wa kwanza, na wa pili pia. Kwa hiyo usiku mmoja simama mlangoni pa chumba chako na ujiulize: nikifyatua kuelekea sebuleni, nyuma ya sebule kuna nani? Ukiwa apatimenti, jibu ni mtoto wa jirani.

Mpango unaofanya kazi ni kukusanyana chumba kimoja, kufunga mlango, kupiga 911 na kukaa nyuma ya kitanda silaha ikielekea mlango huo. Usitembee korido gizani ukimtafuta mwizi. Na kabla ya bunduki, nunua skrubu za inchi 3 ubadilishe zile fupi zinazoshika bawaba na bamba la komeo la mlango wa mbele. Weka na taa inayowaka yenyewe nje. Gharama yake haifiki hata ya boksi kadhaa za risasi, na mwizi akishindwa mlango hutahitaji kuamua mengine.

Hatua ya 3: Chagua aina

Shotigani ya kupampu. Mossberg 500 na Remington 870, ambayo imekuwapo tangu 1950, utazikuta karibu kila duka. Muuzaji atakupa geji 12 bila kuuliza. Muulize geji 20. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba zake zinakwenda kinyume: 12 maana yake gololi 12 zenye upana wa mtutu huo hufikisha ratili moja ya madini ya risasi, kwa hiyo namba ikipanda mtutu unapungua. Geji 20 inatosha kabisa ndani ya nyumba, na mtu mwembamba ataweza kufanya nayo mazoezi bila kurudi na bega jeusi.

Kuna maneno ya vijiweni kwamba shotigani haihitaji kulenga. Si kweli. Marisau, yaani gololi ndogo zilizomo ndani ya risasi yake, hutawanyika kwa kadiri ya inchi moja kila yadi, hivyo ndani ya sebule yanafika yakiwa fungu la ukubwa wa ngumi. Ukikosa, umekosa, na vile vipande 8 au 9 vya marisau makubwa vya geji 12 vimeshaondoka kwenda kwa jirani. Na usishawishike kukata mtutu ili iwe fupi: chini ya inchi 18 bila kibali maalumu ni kosa chini ya sheria ya taifa ya 1934.

Bastola ya milimita 9. Ya ukubwa wa kati, kama Glock 19. Inaacha mkono mmoja huru kwa simu au kwa mtoto, na inaingia kwenye sefu ndogo kando ya kitanda. Ubaya wake ni kwamba ndiyo ngumu zaidi kulenga vizuri. Mtu asiyefanya mazoezi atakosa shabaha hata ya hatua chache mikono ikitetemeka. Kwa nyumbani tumia risasi zenye tundu kichwani. Zinatanuka zikigonga mwili, na hazipenyezi sana kama zile za mazoezi zilizofunikwa shaba kote.

Raifo, kama AR-15, nitaigusa kwenye maswali.

Kwa maoni yangu, familia yenye watoto wadogo inafaa bastola ya kati ndani ya sefu, kwa sababu bunduki ndefu ni ngumu kuifungia na bado ikafikika haraka. Wenzi wasio na watoto, nyumba ya peke yake huko mashambani ambako polisi wanachelewa, geji 20. Usinunue kabla hujakodi aina mbili tatu kwenye uwanja wa shabaha na kuzifyatua mwenyewe.

Hatua ya 4: Sefu, na kuitoa risasi

Bajeti ya sefu ipangwe siku ile ile ya bajeti ya bunduki. Chukua sefu ndogo ya kufungua kwa tarakimu za kubonyeza, iliyofungwa kwa boliti kwenye fremu ya kitanda au sakafu. Kabatini juu ya nguo si mahali pa kuficha. Watoto wanajua kila kilichomo humo ndani. Sheria nazo zimekaza: mwaka 2024 Michigan, mama na baba wa kijana aliyeua wanafunzi wenzake Oxford kwa bastola aliyonunua baba, kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15.

Sasa jambo la mikono. Kuhakikisha bastola ni tupu kuna mpangilio wake. Elekeza mtutu mahali salama, kidole nje ya triga (kifyatulio). Toa magazini (kibebea risasi kilicho ndani ya kitako) kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma. Ukianza na slaidi, risasi iliyokuwa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, itaruka nje na nyingine itapanda kutoka kwenye magazini. Ukitoa magazini baada ya hapo bastola inaonekana tupu kumbe imebeba. Ifunge slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole cha mwisho uguse. Fanya hivyo kila unapoishika, hata kama aliyekupa ameshafanya mbele yako.

Hatua ya 5: Lini hufyatui

Novemba 2013, Dearborn Heights, Michigan, binti wa miaka 19 aliyekuwa amepata ajali ya gari aligonga mlango wa nyumba usiku wa manane. Mwenye nyumba alifungua mlango na kumpiga kwa shotigani kupitia mlango wa wavu. Alisema aliogopa. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo kisichopungua miaka 17. Mtu anayegonga hajavunja. Mtu anayekimbia na televisheni yako anakupa kisa cha bima. Lipia darasa la siku nzima kwa mwalimu anayefundisha sheria ya jimbo lako pamoja na shabaha, na uende na mwenzi wako.

Hatua ya 6: Dharura

Wengine mnanunua kwa kuogopa kimbunga au umeme kukatika, kama Texas Februari 2021. Wiki ile kilichokosekana ni joto na maji. Weka hivyo kwanza. Tena ukihamishwa, makazi ya Msalaba Mwekundu hayapokei silaha, kwa hiyo jua mapema itabaki wapi. Ukivuka majimbo kwa gari, iwe tupu, ndani ya boksi lenye kufuli kwenye buti, risasi zake nazo humo buti. Sheria ya taifa ya 1986 inamlinda msafiri wa namna hiyo, mradi silaha ni halali atokako na aendako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Shani, Dallas: Kaka, mume wangu anataka kuninunulia rivolva ndogo ya kuweka mkobani. Anasema ni ya kike.

Jibu: Dada, mwambie shemeji asubiri. Silaha ikiwa nyepesi ndivyo inavyorusha mkono zaidi, na triga ya rivolva ndogo ni nzito. Nendeni wote uwanjani, ufyatue hiyo na bastola ya kati ya milimita 9. Kama slaidi inakushinda, usiivute kwa vidole viwili: ikamate kwa kiganja kizima, ishikilie, halafu sukuma kitako mbele kwa mkono mwingine. Wengi walioambiwa hawana nguvu walikuwa hawajaonyeshwa tu. Ya kuchagua ni ile utakayoipiga vizuri wewe.

Mtoto wa Kigoma: Mimi nina grinikadi, mke wangu bado yuko kwenye viza ya mwanafunzi. Tunaishi pamoja. Naweza kuwa nayo ndani?

Jibu: Wewe unaruhusiwa, yeye haruhusiwi. Hatari ni kwamba silaha anayoweza kuifikia inaweza kuhesabiwa kuwa mikononi mwake. Sefu iwe na namba unayoijua wewe peke yako, na kabla ya kununua mlipe mwanasheria wa uhamiaji kwa mashauriano ya saa moja. Kosa la silaha linatosha kumfukuzisha mtu nchini.

Dereva wa Masafa: Umeikwepa AR-15, mkuu.

Jibu: Sijaikwepa. Ni rahisi kulenga, haipigi bega, na risasi zake nyepesi za .223 zikichaguliwa vizuri huvunjikavunjika zikigonga vitu. Lakini bado zinapita jipsamu, mlio wake ndani ya chumba ni wa kuharibu masikio papo hapo, baadhi ya majimbo yameipiga marufuku, na kuifungia karibu na kitanda ni shida ile ile ya shotigani. Kwa silaha ya kwanza simshauri mtu.

Asiyetaka Jina: Shikamoo. Mdogo wangu anaishi nasi. Amepoteza kazi, hali chakula vizuri, haongei. Mtaa wetu umevunjwa mara kadhaa, nataka bastola.

Jibu: Marahaba. Usiilete sasa. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini hapa ni vya watu kujiua, na mtu aliye kwenye hali hiyo akikosa njia ya haraka mara nyingi anavuka. Imarisha milango, weka kamera. Mdogo wako muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Piga au andika ujumbe kwa 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, saa zote. Kama silaha ipo tayari, uliza duka au ndugu anayeruhusiwa aihifadhi nje ya nyumba kwa namna jimbo lenu linavyokubali.

Bwana Ukonga: Nikirudi bongo naweza kuibeba?

Jibu: Iache. Kuitoa Marekani kuna vibali vyake, na Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Huko maombi yanaanzia kwa serikali ya mtaa na kupanda hadi polisi. Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi yake ya leseni. Na begi ulilobebea vitu vya uwanja wa shabaha usisafiri nalo. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni ni kesi uwanja wa ndege wowote.

Fundi Seremala: Ya mtumba vipi? Kuna Mzungu kazini anauza.

Jibu: Mtumba ni sawa, bunduki nzuri haizeeki upesi. Ila usinunulie kwenye maegesho. Mwambie mkutane kwenye duka lenye leseni, mlipe ada ndogo, muuzaji apitishe ununuzi kwenye NICS. Baadhi ya majimbo yanalazimisha hivyo. Yasipolazimisha, bado utabaki na kumbukumbu dukani kwamba silaha ilifika kwako siku gani na kutoka kwa nani. Kama akikataa kufika dukani, achana naye.