Kushona foronya za mito na zawadi nyingine kutokana na doti moja ya kanga

Kanga humfikia mshonaji ikiwa imekwisha kubuniwa. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na juu ya pindo la chini ina jina, yaani yale maneno ambayo wengi huyasoma kabla hawajaulizia bei. Anayetaka kuigeuza kuwa pambo la nyumba au zawadi hana haja ya kutafuta muundo mwingine wa kuongezea. Kazi yake kubwa ni kukata mahali panapostahili. Hapo ndipo wengi hukosea: mtu hupima mto kwanza, akaweka vipimo vyake popote kwenye kitambaa, na mwishowe foronya hutoka na nusu ya jina mbele na nusu nyuma. Katika maelezo haya tutaanza kwa kuipima kanga, na kanga yenyewe ndiyo itakayoamua mto uwe na ukubwa gani.

Kwa mpangilio ninaoueleza, doti moja inatoa foronya ya mto mrefu yenye jina, foronya ya mto wa mraba, vifuko sita vya karafuu, na ukanda wa kupambia pazia au kitambaa cha meza, huku kanga ya pili ikibaki nzima kwa kufungia zawadi.

Kuchagua kanga

Soma jina kwanza. Mto wa sebuleni husomwa na kila anayeingia, na zawadi husomwa kama ujumbe wa aliyeitoa, hata kama yeye alivutiwa na rangi tu. Jina kama "Hasidi hana sababu" lina mahali pake, lakini mahali hapo si kwenye kochi la mkwe wala kwenye nyumba ya maharusi wapya, kwa sababu mpokeaji atabaki akijiuliza ni nani anayesemwa. Kwa wazazi hakuna ubishi juu ya "Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu". Kwa nyumba ya watu wenye umri na imani mbalimbali, "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" hupokewa vizuri na kila mmoja. Ukikosa jina linalofaa, afadhali ubadili duka kuliko kuchukua lililopo kwa matumaini kwamba halitasomwa. Litasomwa.

Jambo la pili ni urefu wa jina. Chukua futi kamba dukani, upime kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Mto wetu utakuwa na upana wa sentimita 60, na jina linahitaji nafasi ya angalau sentimita 5 kila upande ili lisijipinde kwenye kona za mto, kwa hiyo jina lisizidi sentimita 50. Likizidi hapo, ongeza upana wa mto badala ya kulibana.

Jambo la tatu ni mji. Kwa foronya mbili tunahitaji mji wenye michoro midogo inayojirudia, kwa mfano maua au korosho ndogondogo. Kanga yenye picha moja kubwa katikati haifai kukatwa kwa mpangilio huu, kwa kuwa mkasi utaipitia picha. Hiyo ni kanga ya kutundikwa ukutani, nami nitaigusia baadaye.

Tazama pia nyuzi zenyewe. Kanga ya pamba tupu hukaa vizuri kwenye pasi na haitelezitelezi juu ya kochi. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, uzichome kwa kiberiti juu ya sahani: pamba huungua ikiwa na harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, ilhali nyuzi za poliesta huyeyuka na kugandamana kuwa punje ngumu.

Kufua kabla ya kukata

Hatua hii isirukwe. Kanga mpya huwa na wanga unaoifanya ionekane nzito kuliko ilivyo, na wanga ukitoka kitambaa hupungua. Tenganisha doti, kisha ufue kila kanga peke yake kwa maji baridi na sabuni kidogo, ukibadilisha maji mpaka yatoke safi bila rangi. Watu wengi hutia chumvi wakiamini kwamba inazuia rangi kutoka, lakini kinachosaidia hasa ni kuondoa rangi ya ziada kwa kusuuza tena na tena. Anika kivulini, na upige pasi kanga ikiwa na unyevunyevu kidogo, ukivuta ukingo taratibu ili pembe zake zirudi kuwa za mraba.

Sasa pima. Kanga ya kawaida huwa na urefu wa karibu sentimita 150 na kimo cha karibu sentimita 110. Katika mfano wetu, baada ya kufuliwa imebaki 147 kwa 107, na hesabu zote zinazofuata zinatokana na vipimo hivyo. Yako ikitofautiana kwa sentimita mbili tatu, mpangilio haubadiliki. Tofauti hiyo itaingia sehemu ya kupandanishia nyuma ya mto.

Foronya yenye jina

Tandaza kanga juu ya meza au sakafu safi, jina likiwa upande wako. Kutoka ukingo wa chini pima sentimita 43 kwenda juu, weka alama kwa chaki ya fundi sehemu nne au tano, ziunganishe kwa rula ndefu, kisha ukate kwa mstari mmoja kutoka upande hadi upande. Unapata ukanda wa 147 kwa 43, wenye pindo la chini, jina, na sehemu ya mji juu yake. Usiukate tena. Kanga itauzunguka mto kama inavyomzunguka mvaaji, na michoro yake itaendelea bila kukatika kutoka mbele hadi nyuma.

Kunja ncha mbili fupi za ukanda kuelekea upande wa ndani, kwanza sentimita 1, halafu sentimita 2, piga pasi na ushone. Ukanda sasa una urefu wa sentimita 141. Tafuta katikati ya jina, si katikati ya kitambaa, maana jina wakati mwingine hupigwa chapa likiwa limeegemea upande mmoja. Kutoka hapo pima sentimita 30 kwenda kushoto na 30 kwenda kulia, uweke alama; hizo ndizo pande mbili za mto.

Kitambaa cha kanga ni chepesi, na mto mweupe wa ndani huonekana kupitia sehemu zenye rangi hafifu. Kwa sababu hiyo kata kipande cha marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, cha 60 kwa 43, ukiweke nyuma ya sehemu ya mbele kama bitana, na ukishikize kwa mishono mirefu kwenye alama zako mbili. Bitana hii pia huzuia kanga kuvutika mtu anapoegemea.

Weka ukanda juu ya meza, upande mzuri ukitazama juu na bitana ikiwa chini. Kunja ncha ya kushoto kwenye alama kuelekea katikati, halafu ncha ya kulia ije juu yake. Zitapandana kwa karibu sentimita 21, na upana uliobaki utakuwa sentimita 60 kamili. Banika kwa pini, kisha ushone ukingo wa juu na ukingo wa chini tu, ukiacha sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Kwenye kanga nyingi maandishi madogo ya mtengenezaji hupigwa karibu na ukingo. Kwa mfano, kanga za Mombasa zenye maneno "Mali ya Abdulla" hujulikana kwa maandishi hayo. Tazama kama yataingia ndani ya mshono au yatabaki nje, uamue mapema. Binafsi huyaacha yaonekane yakiwa yamenyooka, kwa sababu ni sehemu ya kanga.

Asiye na cherehani anaweza kushona kwa mkono bila wasiwasi, mradi atumie mshono unaorudi nyuma: sindano inaingia nyuma kidogo ya pale uzi ulipotokea na kuibukia mbele, kila mshono ukiwa na urefu wa milimita 2 au 3. Mshono wa kupitisha sindano moja kwa moja hautoshi, kwani mto unapotiwa na kutolewa uzi hukatika. Mahali ambapo ncha mbili zinapandana, shona mara mbili, maana hapo ndipo nguvu yote inapoangukia.

Kata pembe nne kwa mshazari bila kuugusa mshono, pita kwenye kingo za ndani kwa zigizaga au ovaloki zisifumuke, ugeuze foronya, na usukume pembe kwa penseli butu. Jina litakaa chini kidogo ya katikati ya mto. Usijaribu kulisahihisha, kwa kuwa pindo lililo chini yake ndilo linaloupa mto msingi, na kulipunguza kungeiondolea kanga sura yake.

Mto wa ndani unaweza kuununua tayari au kuutengeneza. Kata vipande viwili vya marekani vya 65 kwa 45 ili mto uwe mkubwa kuliko foronya kwa sentimita 2, jambo linaloifanya foronya ikaze vizuri. Shona kuzunguka ukiacha mwanya wa sentimita 15, jaza, kisha uzibe kwa mkono. Nashauri sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, popote inapopatikana: ni nyepesi, na mto wake hauna joto. Jifunge kitambaa puani unapoijaza na ukae mbali na jiko, kwa sababu hupeperuka na kushika moto upesi. Anza na pembe, halafu katikati, na ujaze kupita unavyodhani inatosha, kwani sufi hushuka baada ya majuma machache.

Mto wa mraba na vifuko vya karafuu

Sehemu iliyobaki ya kanga ina kimo cha sentimita 64. Kata juu kabisa ukanda wa sentimita 16 wenye pindo, uuweke kando. Ukanda wa mji uliobaki, wa 147 kwa 48, ukate kwenye urefu wa sentimita 111, ukiacha pindo la upande mmoja libaki kwenye kipande kirefu. Hicho ndicho kitakuwa foronya ya mraba ya sentimita 45, kwa utaratibu uleule: pinda ncha mbili, kunja, shona juu na chini. Tofauti ni moja tu. Unapokunja, itangulize ncha yenye pindo, kwa sababu inayokunjwa kwanza ndiyo itakayokuwa nje foronya ikishageuzwa, na hivyo nyuma ya mto kutakuwa na pindo lililosimama badala ya ukingo mtupu.

Kipande kilichosalia, cha 36 kwa 48, kinagawanyika kuwa vipande sita vya 12 kwa 24. Kunja kila kimoja katikati upande mzuri ukiwa ndani, shona pande mbili, geuza, tia vijiko viwili vikubwa vya karafuu zilizokauka barabara, kisha upinde mdomo na kuushona. Karafuu zenye unyevu zitaota ukungu na kutia doa nguo, kwa hiyo zianike kwanza. Vifuko hivi huwekwa kabatini kati ya mashuka au kutundikwa kwenye henga, na harufu ikififia mwenye kifuko hukifinya kwa vidole karafuu zivunjike kidogo. Vitatu vilivyofungwa pamoja kwa utepe vinatosha kuwa zawadi ya jirani.

Ule ukanda wa pindo hushonwa chini ya pazia la rangi moja au kwenye ncha mbili za kitambaa cha meza. Chagua kitambaa chenye rangi iliyomo ndani ya pindo lenyewe, na ukifue kabla ya kuviunganisha, la sivyo kimoja kitapungua na kingine kubaki, na mshono utakunjamana.

Kanga yenye picha kubwa

Hii haikatwi. Pinda ncha zake, shona upenyo wa sentimita 5 nyuma ya ukingo wa juu, na upitishe ufito wa mwanzi ulionyooka, uliopigwa msasa. Itundike ili jina liwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi, mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, kwa maana rangi nyekundu na nyeusi hupauka haraka upande mmoja na tofauti huonekana.

Kufunga zawadi

Tandaza kanga ya pili, upande mzuri ukiwa chini, weka mito miwili katikati ikiwa imepandana, na uzikunje pande ndefu za kitambaa juu yake moja baada ya nyingine. Elekeza jina ili libaki juu, kisha ukusanye ncha mbili za pembeni na kuzifunga fundo moja. Mpokeaji anapata mito ya sebuleni na kanga ya kuvaa yenye jina lilelile. Mweleze kwamba foronya zifuliwe kwa maji baridi na kuanikwa zikiwa zimegeuzwa, na kwamba mto wa sufi hauloweshwi bali huanikwa juani na kupigwapigwa ili sufi itanuke tena.