Jinsi ya kufuatilia wabunge wa Die Linke kule Bundestag bila kuishia kwenye klipu za TikTok

Wadau, tangu ule uchaguzi wa Ujerumani wa Februari 2025 naona watu wanashea sana klipu za Heidi Reichinnek, mbunge wa Die Linke (chama cha mrengo wa kushoto), yule dada mwenye tatuu ya mwanamapinduzi Rosa Luxemburg mkononi, anaongea kwa spidi ya ajabu na kuwachana wenzake bungeni, alafu kwenye komenti swali ni lilelile: hawa jamaa wa mrengo wa kushoto wana nguvu yoyote au ni mdomo tu? Unaweza kujijibu mwenyewe ukijua pa kuangalia, na wala Kijerumani chako si lazima kiwe kizuri, kuna programu za kutafsiri.

Anza na hesabu, usianze na hotuba. Bundestag, yaani bunge la Ujerumani, ina wabunge 630. Die Linke wana 64. Serikali ni CDU/CSU (vyama ndugu vya kihafidhina) wenye 208 na SPD (wa demokrasia ya kijamii) wenye 120, jumla 328, kwahiyo sheria ya kawaida wanaipitisha bila kumuomba mtu, Linke wapige kelele wasipige. Ila kubadili katiba kunataka theluthi mbili, yaani kura 420, sasa chukua hao 328 uwaongezee chama cha Kijani 85 unapata 413, bado saba! Waliobaki wenye kura za kutosha ni Linke au AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, waliopata 152 kwenye uchaguzi, na CDU tangu 2018 wana azimio la chama kwamba hawashirikiani na yeyote kati ya hao wawili. Umeiona hiyo. Ndo maana Machi 18, 2025 CDU/CSU na SPD walilirudisha bunge la zamani, wakati jipya lilishachaguliwa kabisa, ili wabadilishe kipengele cha ukomo wa madeni kabla hesabu haijawageuka. Linke walikimbilia mahakama ya katiba kuzuia, wakagonga mwamba. Alafu Mei 6 Friedrich Merz, kiongozi wa CDU, akakosa ukansela (ukuu wa serikali) raundi ya kwanza, kapata 310 na anatakiwa 316, na ili raundi ya pili ifanyike siku ileile ilibidi kanuni zilegezwe kwa theluthi mbili, basi hao hao wa azimio wakaenda kuongea na Linke. Akapita kwa 325. Kwahiyo kila ukisikia jambo fulani linahitaji theluthi mbili, hapo ndo uwaangalie Linke, siku nyingine wala usihangaike.

Cha pili, angalia kama wamesajiliwa kama Fraktion, yaani kundi kamili la wabunge, maana chama kuwa na wabunge haimaanishi kina kundi kamili. Kiwango ni asilimia 5 ya wabunge wote, kwa sasa 32. Linke wameshaonja joto ya jiwe hapa: 2021 walipata asilimia 4.9 tu, chini ya ile 5 ya kuingia bungeni, wakaokolewa na majimbo matatu waliyoshinda moja kwa moja, mawili Berlin na moja Leipzig. Oktoba 2023 mbunge wao maarufu Sahra Wagenknecht akaondoka na wenzake tisa, wakabaki 28 wakati kiwango kilikuwa 37, basi Desemba Fraktion ikavunjwa, wafanyakazi zaidi ya 100 ajira zao zikaingia kwenye mashaka, na kuanzia Februari 2024 wakakubaliwa kama Gruppe tu, kundi la daraja la chini lenye haki pungufu. Mwaka mmoja baadaye wapigakura wakawapa asilimia 8.8. Siasa bwana.

Sasa kazi yenyewe, na kwa maoni yangu hapa ndo penye utamu: maswali ya maandishi. Yanaitwa Kleine Anfrage. Kundi linaandika maswali, hata ishirini thelathini kwa mkupuo, serikali inatakiwa ijibu ndani ya siku 14 (huwa wanaomba kuongezewa muda). Mauzo ya silaha, watu wanaofukuzwa nchini, kodi za nyumba, takwimu kibao unazozisoma kwenye magazeti ya Ujerumani zimetokea humu na hutaona klipu yake.

Ingia dip.bundestag.de, kwenye kutafuta andika neno lako, alafu chuja kwa aina ya waraka Kleine Anfrage na mwandishi Die Linke. Kila waraka una namba, ikianza na 21/ ni bunge hili lililoanza Machi 2025, ikianza na 20/ ni lililopita. Usipoteze muda kusoma swali kisha jibu, fungua jibu moja kwa moja, maswali yote huwa yamerudiwa humo ndani. Na uwe makini na utangulizi wa waulizaji, ule ni siasa, wanapiga kampeni yao humo, serikali nayo ina utangulizi wake wa kujitetea, ruka vyote viwili nenda kwenye namba na majedwali. Sisi wa Tanzania jaribu kuandika Tansania au Deutsch-Ostafrika (koloni la Wajerumani la huku kwetu) kwenye hicho kiboksi, usichuje chama, uone nani anauliza kuhusu mambo ya ukoloni na nani yuko kimya.

Kura ni fasta tu: tafuta Namentliche Abstimmung kwenye bundestag.de, pale kila mbunge jina lake lipo na alivyopiga. Kura nyingine nyingi ni za kunyoosha mikono na utajua tu kundi lilielekea wapi.

Na ile klipu iliyokuvutia, angalia tarehe, tafuta Plenarprotokoll, kumbukumbu rasmi za kikao, ya siku hiyo. Inaandika kila neno pamoja na makofi, kundi lipi lilipiga na nani alikuwa anazomea, hata maneno aliyorusha. Mara nyingi klipu inakatwa kabla mpinzani hajajibu, humo jibu lipo. Makofi yakitoka kwa Linke peke yao hakuna jipya, ila yakianza kutoka SPD wakati wao wapo serikalini, soma ukurasa huo mara mbili.