Iten hadi Kabarnet na kurudi kwa baiskeli: panga safari kwa kivuli

Mara ya kwanza nilipovuka Bonde la Kerio, magharibi mwa Kenya, kwa baiskeli, nilipanga kama wengi tunavyopanga: nilihesabu kilomita. Saa saba mchana nilikuwa chini ya Tambach, mji mdogo kwenye mpando wa kurudi Iten, nimeshuka, nasukuma baiskeli huku chumvi ya jasho ikiniwasha macho. Watoto watatu waliotoka shule wakanipita kwa miguu. Mmoja akageuka: "Anko, tukusukumie?" Nikawaachia tandiko, wakanisogeza mpaka kona iliyofuata.

Kosa lilikuwa la ramani niliyokuwa nayo kichwani. Milima mingi hukupandisha kwanza, ukarudi kwa mteremko. Hapa ni kinyume. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lami inaporomoka hadi daraja la Chebloch kwenye mto Kerio, kisha inapanda Milima ya Tugen mpaka Kabarnet, karibu mita 2,000. Ukirudi, ukuta wa Elgeyo, yaani genge lile lile uliloshuka asubuhi kutoka Iten, unakungoja mwishoni, miguu imeshakwisha. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 100, na kupanda kunazidi mita 2,000.

Hatua ya 1: Anza kupanga kutoka mwisho

Mtu mwenye mazoezi ya kawaida hupanda kama mita 500 za kwenda juu kwa saa. Ukuta wa mwisho ni takriban mita 1,200, kwa hiyo tenga saa mbili na nusu. Giza huingia karibu na saa moja jioni. Toa saa moja ya dharura, toa muda wa kupanda, utaona lazima uanze kupanda saa tisa alasiri, ikizidi sana tisa na nusu.

Sasa tazama jua. Mteremko wa Tugen unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma ya mlima. Ukuta wa Elgeyo unaelekea mashariki, na alasiri mambo yanageuka: kuanzia saa kumi hivi, kona za juu zinaanza kuingia kivulini. Ratiba yangu siku hizi ni hii: naondoka Iten saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Chebloch saa mbili, Kabarnet saa nne na ushee. Pale napumzika mpaka saa saba. Ndiyo, karibu saa tatu nzima. Wenzangu hunicheka nikilala kwenye benchi la hoteli, lakini huko juu kuna ubaridi, na kule bondeni wakati huo lami inachemka. Hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi kila unaposhuka mita 1,000, kwa hiyo sweta ya Iten na tanuri la Chebloch ni siku moja.

Ratiba hii ni ya kiangazi, Desemba hadi Februari. Msimu wa mvua, mawingu hupasuka alasiri, na barabara za ukutani huangukiwa na mawe na udongo. Miezi hiyo mimi siendi kabisa.

Hatua ya 2: Hesabu meno ya gia

Usiulize kama baiskeli yako ni ghali. Hesabu meno. Gia ndogo ya mbele ikiwa na meno 34 na kubwa ya nyuma 32, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.2. Ukizungusha mara 70 kwa dakika, unapanda kilomita 9 na kitu kwa saa, na pumzi bado unayo. Ile baiskeli yangu ya aibu ilikuwa na 39 mbele na 25 nyuma: kwa mwendo uleule unazungusha mara 48 tu, na kila mzunguko ni kama kunyanyua gunia. Kubadilisha friwili (seti ya gia za nyuma) ni kazi ya fundi ya nusu saa, lakini kwanza aangalie kama mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo, unaweza kubeba meno hayo.

Hatua ya 3: Kula kabla ya njaa

Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25 za wanga. Mwili unahitaji kama gramu 60 kwa saa, yaani ndizi mbili na kipande cha mandazi, tangu saa ya kwanza. Bondeni huwezi kula vizuri, joto linakukataza, kwa hiyo shiba Kabarnet. Beba chupa mbili za mililita 750, moja ukiitia chumvi kidogo na sukari, na uzijaze tena kabla ya kuanza ukuta.

Hatua ya 4: Mteremko wa asubuhi

Unatoka Iten vidole vimekufa ganzi, na papo hapo unahitaji breki. Vaa glavu. Funga breki kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia. Ukizishikilia muda wote, rimu zinapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Kwenye kona usiyoona mwisho wake, chukulia kuwa kuna mbuzi. Mara nyingi wapo.

Hatua ya 5: Waulize wa stejini

Bonde la Kerio limekuwa na mashambulizi ya wezi wa mifugo, hasa upande wa kaskazini. Jioni kabla ya safari, nenda stejini uwaulize madereva wa matatu waliopita siku hiyo. Wakisita, ahirisha. Ukienda, usiache lami.

Hatua ya 6: Saa ya kukubali

Ikifika saa tisa na nusu na hujaanza kupanda ukuta, simamisha matatu. Baiskeli inafungwa juu ya keria. Patana nauli yake kabla haijapandishwa, kwa sababu ikishafungwa kamba, bei nayo hupanda mlima.