Somo: Majibu ya VVU yanazungumzia siku ipi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hapa Chake Chake, Pemba, ninapotoa ushauri nasaha, hunijia mtu ana karatasi inayosema hana VVU na usingizi hapati. Mwengine kapima siku tatu tu baada ya jambo lenyewe, yaani kulala na mtu bila kinga, roho imetulia, na harusi ni wiki ijayo. Huyu wa pili ndiye anayenitia khofu zaidi.

Hatua ya 1: Tazama saa kabla ya kalenda. Ikiwa hazijapita saa 72 tangu jambo hilo, kipimo peke yake hakitakuokoa. Nenda hospitali leo, uulizie dawa za kinga, PEP. Humezwa siku 28, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Najua kisiwa chetu ni kidogo, muuguzi huenda akawa shemeji yako. Basi aliye Wete apande gari aende Mkoani, lakini aende leo leo.

Hatua ya 2: Hesabu kuanzia mara ya mwisho, si ya kwanza. Kipimo cha haraka cha vituoni hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, askari wanaotengenezwa na mwili, na askari hao huchukua muda kujitokeza: kwa kawaida siku 23 hadi 90. Hicho ndicho kipindi cha matazamio. Kipimo cha maabara kinachotafuta pia antijeni ya p24, kipande cha kirusi chenyewe, katika damu ya mshipa huwahi zaidi, siku 18 hadi 45. Katika muda huo mtu anaweza kuonekana hana na huku anaambukiza, tena kwa wepesi, kwani mwanzoni virusi hujaa damuni.

Hatua ya 3: Pima sasa, urudi miezi 3 ikitimia. Baina yake tumia kondomu. Aliyemeza PEP afuate tarehe anazopewa kituoni, kwani dawa huweza kuchelewesha kingamwili.

Hatua ya 4: Ukae usomewe. Tone la damu ya kidole, tone la maji ya kipimo, robo saa hivi. Mstari wa C, unaoonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi, lazima utokee, la sivyo kipimo kimeharibika. Wa T, yaani wa majibu yenyewe, ukitokea, hata uwe hafifu kama uzi, kimeitikia, lakini hujaambiwa una VVU mpaka vipimo vyengine tofauti vithibitishe.

Maswali ya wanachama

*Dada, wiki ya 6 sina, lakini nina homa na tezi za shingo. Si ndiyo yenyewe?*

Kaka yangu, homa na tezi huletwa na mambo mengi, VVU haijulikani kwa kujipapasa shingo. Majibu yako ni dalili njema, ila bado si ya mwisho. Katibiwe hiyo homa, siku 90 zikitimia urudi upime.

*Mwanangu alitolewa damu ya kisigino ana wiki 6. Huu mwezi wa pili, majibu kimya. Wananificha?*

La, mama. Matone yale hukaushwa kwenye karatasi maalumu yakapelekwa maabara yenye mashine ya PCR, inayotafuta kirusi chenyewe. Usafiri ukikwama au vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vikiisha, wote wanangoja, mwenye virusi na asiye navyo. Lakini usikae nyumbani kusubiri. Chukua kadi ya mtoto, uliza kama sampuli ilifika au ilikataliwa, atolewe nyengine. Dawa ya mtoto na yako zisikatike, na usimwachishe ziwa kwa khofu. Kipimo cha kidole kwake hakitoshi kwa sasa: kingamwili zako huweza kubaki mwilini mwake mpaka miezi 18.

*Mchumba wangu karudi safari mwezi mmoja tu, kapima, hana. Wazee washatangaza tarehe. Nifanye nini?*

Mwanangu, mwambie mrudi kituoni pamoja, mpime nyote wawili, mumueleze mshauri tarehe za safari. Ikiwa kuna jambo lilitokea huko, akahesabu siku 90 tangu mara ya mwisho. Wazee waambieni tarehe inasogea, sababu si lazima muitaje.