Kumwanzishia mtu Signal: kagua kwanza

Kabla hujampendekezea muuzaji wa soko la Kongowea, Mombasa, programu huria ya kutumiana ujumbe, ijaribu kwenye simu ya bei nafuu kama yake. Msimbo uwe wazi kwa yeyote kuukagua, na ujumbe ufungwe toka simu hadi simu bila yeye kuwasha chochote. Signal inatimiza yote mawili. Element, programu nyingine ya aina hiyo, pia ni nzuri, ila kuchagua seva (kompyuta ya kuhifadhi akaunti) humchanganya mgeni.

Ipakue Play Store, usikubali faili la kutumiwa. Sajili laini iliyo mkononi mwake, kwani nambari ya kuthibitisha huja kwa SMS. Weka PIN tofauti na ya M-Pesa, kisha kwenye mipangilio ya akaunti washa kufuli la usajili, linalodai PIN hiyo kabla ya kusajili laini upya. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayomzuia tapeli aliyehamishia laini hiyo kwenye kadi yake. Kufuli hilo huisha programu isipotumika kwa siku 7, kwa hivyo simu ikipotea asikawie kurudisha laini.

Mkiwa pamoja, linganisheni kwa kuskani nambari ya usalama, tarakimu 60 zinazothibitisha kuwa hakuna mtu katikati ya mazungumzo yenu. Ikibadilika baadaye, mara nyingi mwenzake amehamia simu mpya. Hata hivyo ampigie asikie sauti kabla ya kutuma pesa.

Muunganishe na wawili anaoongea nao kila siku, la sivyo ataifuta.