Somo la Desemba: kwenda nyumbani Kilimanjaro ukiwa na sukari au presha

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za siku. Muda si mrefu mabasi ya Moshi yatajaa na watu wataanza kutuuliza kama tunakwenda kuhesabiwa, ule utani wa Wachaga wanaorudi nyumbani kila Desemba. Mimi nimeishi na sukari miaka kumi na moja, na presha ikafuata baadaye. Nilichojifunza ni kwamba sahani moja ya pilau ya tarehe 25 si ndiyo inayotuangusha. Tunaangushwa na kuvurugika kwa saa: saa ya dawa, saa ya kula, saa ya kulala. Ukizilinda hizo, chakula cha sikukuu utakila kwa amani.

Hatua ya 1: Hesabu vidonge kabla ya kukata tiketi

Hesabu siku utakazokaa, kisha ongeza dawa za wiki moja. Tarehe 25 na 26 Desemba ni sikukuu, Januari 1 vilevile, na kliniki yako umeiacha mbali. Beba kadi ya kliniki, na cheti cha dawa kipige picha kwa simu. Dawa zikiisha, mfamasia wa huko aone jina na miligramu zake, asije akaelezwa "kile kidonge cheupe cha duara".

Dawa zikae kwenye mkoba ulioupakata, zisiwekwe kwenye begi la buti. Mwaka mmoja begi langu lilishushwa kimakosa kituo cha njiani. Nikakaa siku tatu bila dawa ya presha, na nilipopimwa ilikuwa 190/110. Begi lilipatikana, lakini hofu ya siku ile ninayo mpaka leo.

Wa insulini, sikilizeni vizuri. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe. Iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka. Iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi hudumu kama wiki nne nje ya friji mradi joto lisipite nyuzi 30 (soma karatasi ya ndani ya boksi lako). Ndani ya basi, ukipita Korogwe na Mombo mchana wa Desemba, joto hilo hupita upesi. Itie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, uzungushie kitambaa kilicholowa, ukilowanishe kila kinapokauka. Nyumbani kusiko na friji, tumia vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, vikae kivulini penye upepo.

Hatua ya 2: Njiani

Wapo wanaochoma insulini au kumeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) saa kumi na moja alfajiri, halafu hawali chochote mpaka basi lisimame. Sukari inashuka wakiwa kwenye kiti, jirani anadhani wamelala. Dawa hizo mbili hazitangulii bila chakula. Beba mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu moja, na sukari kidogo kwenye kichupa. Basi likisimama, shuka utembee, miguu ipate damu.

Hatua ya 3: Sahani

Hapa ndipo penye vita. Nusu ya sahani iwe mboga, robo nyama au maharage, robo wanga. Shida ni kwamba Uchagani wanga haujitambulishi. Mtori watu wanauita supu, wakati ni ndizi zilizopondwa. Bakuli la mtori ukilifuatisha na pilau, umekula wanga mara mbili. Machalari ni ndizi, kiburu ni ndizi na maharage. Sikwambii uache, kwani mimi mwenyewe siwezi kukaa Kibosho bila mtori. Nakwambia chagua mmoja kwa mlo mmoja, na uombe mnafu, ile mboga ya majani, uongezwe. Mnafu upo nyuma ya nyumba, hauna gharama.

Soda ndogo ya chupa ina sukari inayokaribia vijiko vya chai vinane. Kunywa maji. Kwa wa presha, Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya supu, ya kachumbari na ya vile vidonge vya kiungo vinavyotiwa kwenye pilau.

Kumkatalia mama mkubwa chakula ni kumvunja moyo. Mwambie mapema, jikoni, kabla watu hawajakaa: "Mama, nipakulie kidogo, sukari inanisumbua." Mimi tangu nilipomweleza hivyo, yeye ndiye anayenilinda mezani.

Hatua ya 4: Kiporo

Wali au pilau lisilale kwenye sufuria mpaka asubuhi. Ndani ya saa mbili lipakue kwenye vyombo vipana lipoe, kisha friji. Vijidudu vya wali huacha sumu isiyoondoka hata ukipasha moto, na kuharisha na kutapika kwa mgonjwa wa sukari si jambo dogo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu anakwenda mkesha wa Krismasi na kusahau metfomini (dawa ya sukari) ya usiku. Asubuhi ameze mara mbili?*

Marahaba mwanangu. Hapana, asifidie. Ameze ya asubuhi kama kawaida, pamoja na chakula. Mwekee kengele kwenye simu, na mkesha ukiwa mrefu ale na kumeza kabla ya kutoka.

*Presha yangu imetulia miezi minne, kichwa hakiumi. Naweza kupumzika dawa mpaka Januari?*

Kaka, imetulia kwa sababu unameza. Presha hupanda bila dalili yoyote. Tena zipo dawa, kama atenolo, ambazo ukiziacha ghafla moyo hushtuka vibaya. Usiache bila daktari wako.

*Mbege ni ulezi na ndizi tu, si afadhali kuliko bia?*

Ni kilevi, na ina wanga wake. Kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, pombe ya aina yoyote huweza kushusha sukari saa nyingi baadaye, hata usingizini. Ukionja, onja ukiwa umeshiba, kidogo, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Kama daktari alishakukataza, kata kabisa.

*Mwaka jana mjomba alitokwa jasho, akatetemeka, akaanza kuongea ovyo. Tukasema kalewa, tukamlaza. Tungefanyaje?*

Pole sana dada, na swali lako ndilo ninaloomba wote walisome. Mgonjwa wa sukari akiwa hivyo, msiseme kalewa. Pimeni, ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kama hamna kipimo, chukulieni imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, pimeni tena, mrudie kama bado. Akipata nafuu ale chakula. Akiwa hajitambui, msimtilie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali usiku huohuo. Namba ya mwenye gari iwekwe kwenye simu za watu wawili hapo nyumbani kabla ya tarehe 24.