Namna ya Kukagua na Kununua Mashine ya Kukereza Chuma Iliyokwisha Kutumika

Anayenunua mashine ya kukereza iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya karakana ya nyumbani, ananunua hasa vitu viwili: kitanda na mhimili mkuu. Kitanda ni reli ndefu za chuma cha kusubu ambazo kigari cha kisu huteleza juu yake. Mhimili mkuu ni ule unaozunguka ndani ya kichwa cha mashine ukibeba chaki, yaani kishikio chenye taya zinazobana kipande cha kazi. Mkanda, swichi, mota, nati za shaba, hata chaki yenyewe, vyote vinaweza kubadilishwa na fundi mwenye subira akiwa kwake. Kitanda kilicholika huhitaji kusagwa upya kwenye mashine kubwa ya kusawazishia, na gharama ya kazi hiyo mara nyingi huipita thamani ya mashine ndogo nzima.

Kabla ya kwenda kuitazama, fahamu vipimo vinavyotajwa na muuzaji, kwa sababu vinachanganya. Watengenezaji wa Marekani hutaja kipenyo cha kipande kikubwa kabisa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda, ilhali wale wa Uingereza walizoea kutaja nusu yake, yaani kimo cha kitovu cha mhimili kutoka kitandani. Kwa hiyo South Bend ya Marekani ya inchi 9 na Myford ML7 ya Uingereza ya inchi 3½ hazipishani sana kama namba zinavyodokeza, kwa kuwa hiyo ML7 huzungusha kipande cha inchi 7. Uliza pia umbali kati ya senta mbili, yaani ncha zilizochongoka za kichwani na mkiani zinazoshika fito, na upana wa tundu la mhimili. Tundu dogo litakulazimisha kukata kila fito kabla ya kuikereza, na huo ni usumbufu wa kudumu. Mtu wa nyumbani akipata tundu la milimita 20 au zaidi, ashukuru.

Ukifika, usivutwe na rangi mpya. Rangi haigusi sehemu zinazofanya kazi, na mashine iliyochakaa kwa nje lakini iliyopakwa mafuta kila siku ni bora kuliko iliyong'arishwa wiki ya mauzo. Anza na kitanda. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, kwa hiyo hapo ndipo kinapolika kwanza, na upande wa mkia, yaani ncha iliyo mkabala na kichwa, hubaki karibu kama ulivyotoka kiwandani. Futa mafuta, kisha pitisha ukucha kukatiza ukingo wa reli: ukikwama kwenye ngazi ndogo kati ya sehemu ambayo kigari hupita na ile ambayo hakifiki, umeshaona kiasi cha ulikaji. Halafu peleka kigari karibu na chaki, kaza kifungio chake kidogo tu hadi kianze kuwa kizito, ukizungushe kwa mkono kuelekea mkia. Kikisafiri kwa uzito uleule, kitanda ni kizuri. Kikizidi kuwa kigumu hadi kukwama, upande wa chaki umelika na tofauti hiyo itaonekana katika kila fito ndefu utakayoikereza. Majeraha madogo ya chaki iliyoangukia kitandani hayatishi kama yanavyoonekana, maana kingo zake zilizoinuka huondolewa kwa jiwe la kunolea na tundu linalobaki halikizuii kigari.

Mhimili mkuu hukaguliwa kwa geji ya mshale, yaani kipimo ambacho mshale wake huonyesha mtikisiko mdogo sana, na ninakusihi ubebe yako. Isimamishe kitandani, iguse mdomo wa mhimili wenyewe wala si chaki, kwa kuwa chaki ina makosa yake, kisha zungusha kwa mkono. Mshale ukitikisika kwa milimita 0.01 au chini, umepata mhimili mwema. Baada ya hapo ingiza fito imara kwenye chaki na uinyanyue na kuishusha kwa nguvu ya mkono: mwendo unaofika milimita 0.05 unaonyesha beringi zilizolegea au zilizochoka. Zilizolegea hukazwa, zilizochoka hununuliwa, na beringi za usahihi ni ghali. Iwashe mashine kwa kasi ya chini, panda hatua kwa hatua hadi ya juu, uiache izunguke dakika kumi na tano huku ukisikiliza. Kichwa kipate uvuguvugu, si joto linalokukatalia kuweka kiganja. Washa pia gia za kupunguza kasi: mlio wa kugonga unaorudi kwa mpangilio ni jino lililovunjika.

Mchezo kwenye mpini wa slaidi ya kukatiza (ile inayosogeza kisu kuelekea au kutoka kwenye kipande cha kazi), yaani pale unapozungusha na kisu hakisogei mara moja, huwaogofya wanunuzi kuliko unavyostahili. Sababu yake ni nati iliyolika, nayo hubadilika. Utumie kuteremsha bei.

Jaribio linalosema mengi kuliko yote ni kukata. Bana fito ya kipenyo cha milimita 30 hivi, iachie kama milimita 120 nje ya chaki bila kuishika kwa senta ya mkia, kereza pete mbili zilizoachana milimita 100 kwa kisu kikali na kina kidogo, kisha zipime kwa maikromita. Tofauti ya milimita 0.02 inastahimilika kwa kazi za nyumbani. Ikizidi hapo usiikatae mashine papo hapo, kwani kitanda kilichokaa juu ya sakafu isiyo sawa hujipinda na kutoa kosa hilohilo.

Hesabu vifaa kabla ya kukubali bei: chaki ya taya tatu, ya taya nne, sahani ya kubania, viegemeo vya fito ndefu, senta, vishikio vya kisu, na gia za kubadilishia. Ukivinunua kimoja kimoja vinaweza kukaribia bei ya mashine. Ikiwa skrubu ndefu, ile inayosukuma kigari wakati wa kukata nyuzi, ni ya inchi nawe unataka kukata nyuzi za milimita, tafuta gia ya meno 127. Inchi moja ni milimita 25.4 na mara tano yake ni 127, hivyo gia hiyo hutoa nyuzi kamili. Tazama pia kibao cha mota. Ya fezi tatu hutumika nyumbani kwa kutumia inverta, yaani kifaa kinachopokea umeme wa fezi moja na kutoa wa fezi tatu, ilimradi nyaya za mota zinaweza kuungwa kwa volti ya inverta hiyo.

Siku ya kuihamisha, sogeza kigari upande wa mkia ili kusawazisha uzito wa kichwa, pitisha kamba za kunyanyulia chini ya kitanda, wala usiifunge kwenye mhimili au skrubu ndefu. Ikishatua, isawazishe kwa pimamaji ya usahihi iliyowekwa kukatiza reli katika ncha zote mbili, ukirekebisha miguu hadi usomaji ulingane, kisha rudia lile jaribio la pete mbili.